Kisa cha Chipping Campden: kampuni ilikufa ndani ya miaka sita, mji ukapona

Mwaka 1902 mafundi kama 50 wa mashariki mwa London walifunga karakana yao ya Mile End, wakapakia nyundo, meza za useremala na mitambo ya kuchapa vitabu, wakachukua wake na watoto, jumla yao kama watu 150, wakahamia Chipping Campden, mji mdogo wa soko huko kaskazini mwa Gloucestershire kwenye vilima vya Cotswolds. Mji wenyewe ulikuwa na watu wasiofika 2,000, wengi vibarua wa mashambani, na hawa wageni ni watoto wa mjini kabisa, wamezoea tramu na kelele za London. Mwaka 1908 kampuni yao ikafilisika. Ukiishia hapo utasema basi, wazo bovu limekufa kifo chake. Mimi sikubaliani na hiyo hesabu hata kidogo, na ndo maana nataka tukichambue hiki kisa taratibu, manake mtu yeyote anayetembelea Campden leo, akapiga picha zile nyumba za mawe na kushangaa kwamba mji umebaki vile vile, anaona matokeo ya hao watu waliofilisika na mara nyingi hajui.

Kwanza tuelewe walikuta mji wa namna gani.

Campden ulitajirika kwa sufu. Kondoo wa Cotswolds walikuwa wakubwa, manyoya marefu, na kwenye karne ya 14 wafanyabiashara wa Flanders na wa Italia walikuwa wanaitafuta hiyo sufu kweli kweli. Mtu mkubwa wa enzi hizo ni William Grevel, alikuwa na hela kiasi cha kumkopesha mfalme Richard II, akafariki mwaka 1401, na mpaka leo kwenye sakafu ya kanisa la St James kuna bamba la shaba lenye sura yake na ya mkewe, na maandishi ya Kilatini yanayomwita ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima. Nyumba yake bado ipo High Street, ilijengwa kama mwaka 1380, ina dirisha kubwa la mawe lililotokeza nje kwa ghorofa mbili, na watu wanaishi humo, kwahiyo unaiangalia ukiwa barabarani tu. Kanisa lenyewe mnara wake una mita kama 36, umejengwa karibu na mwaka 1500, na kwa mji wa ukubwa ule unaona wazi kwamba hii ilikuwa pesa ya kondoo inatafuta pa kwenda.

Alafu biashara ikahama. England ikaacha kuuza sufu ghafi ikaanza kuuza vitambaa, na vitambaa vinataka mito yenye nguvu ya kuzungusha vinu, kitu ambacho Campden haina, mabonde ya upande wa Stroud ndo yanayo. Mji haukufa siku moja, ila ukaanza kusinzia. Mwanzoni mwa karne ya 17 akaja tajiri mwingine, Sir Baptist Hicks, muuza hariri wa London aliyekuwa anamkopesha hela mfalme James I, akanunua ardhi kubwa ya pale na kujenga jumba la kifahari pembeni ya kanisa. Huyu bwana aliacha vitu vya kudumu. Mwaka 1612 alijenga nyumba za wazee maskini 12, wanaume sita na wanawake sita, na wazee wanaishi mle mpaka sasa, miaka zaidi ya 400. Mwaka 1627 akajenga Market Hall katikati ya mtaa ili wauza siagi, jibini na kuku wasinyeshewe. Ila jumba lake lilidumu kidogo mno, mwaka 1645 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe askari wa mfalme walipokuwa wanaondoka walilichoma moto ili askari wa Bunge wasilitumie. Yamebaki magofu, mageti, na vibanda viwili vya karamu ambavyo kimoja unaweza kukikodi ukalala.

(Na hapo hapo kwenye ardhi ya Hicks ndo kulitokea kile kisa cha kutisha cha 1660. Msimamizi wa mali wa bintiye Hicks, mzee wa miaka 70 anaitwa William Harrison, alitoka tarehe 16 Agosti kwenda kukusanya kodi Charingworth akapotea. Zikapatikana kofia yake imechanwachanwa na kola yenye damu. Mtumishi wake John Perry akahojiwa na kuhojiwa mpaka akasema kaka yake Richard na mama yao Joan ndo wamemuua, wakanyongwa wote watatu mwaka 1661 pale Broadway Hill, mama akiwa wa kwanza kwa sababu watu waliamini ni mchawi na kawafunga midomo wanawe. Mwaka 1662 Harrison akarudi mzima, anasema alitekwa, akauzwa utumwani Uturuki karibu na Smyrna. Hakuna aliyewahi kueleza vizuri nani angehangaika kumteka mzee wa miaka 70 ili akamuuze, na watu watatu walikuwa wameshakufa kwa kosa ambalo halikutendeka. Kila nikisoma namfikiria yule mama.)

Turudi kwenye mji. Karne ya 19 ilikuwa mbaya. Reli ilifika mwaka 1853, na ilikuja kwa vurugu, manake mwaka 1851 Brunel, yule injinia maarufu, alileta jeshi la vibarua wa reli kumng'oa mkandarasi aliyegoma kwenye handaki la Mickleton hapo jirani, hadi hakimu akaja kuusomea umati amri ya kutawanyika. Ila reli haikuleta utajiri. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei chee kutoka Marekani ikaua kilimo cha England, vijana wakakimbilia mijini, nyumba zikabaki tupu, na kiwanda cha kusokota hariri kilichokuwa Sheep Street tangu karne ya 18 kikawa kimeshafungwa. Hapa ndo pa kuzingatia: zile nyumba za karne ya 14 mpaka 17 zilibaki kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela ya kuzibomoa na kujenga mpya. Miji iliyoendelea kupata pesa enzi za Malkia Victoria ilibomoa ya zamani yake ikaweka matofali. Campden ilikuwa maskini ikashindwa.

Sasa wageni wetu. Kiongozi wao ni Charles Robert Ashbee, mbunifu majengo aliyesoma Cambridge, akaenda kuishi Whitechapel kati ya maskini wa London, na mwaka 1888 akaanzisha chama cha mafundi kilichoitwa Guild of Handicraft kwa mtaji wa pauni 50 na wenzake wachache. Wazo lao lilikuwa kwamba kiwanda kimemfanya fundi kuwa kipande cha mashine, anarudia tendo moja maisha yake yote, hajui kitu alichotengeneza kimeenda wapi, kwahiyo wao watarudisha kazi ya mkono, fundi abuni, atengeneze, awe na hisa kwenye kampuni na sauti kwenye maamuzi. Wengi hawakuwa wamesomea sanaa popote. Walikuwa vijana wa mitaa ya East End waliofundishwa pale pale karakanani kufua fedha, kutengeneza vito, kuchonga mbao, uhunzi, kujalidi vitabu. Mwaka 1898 wakawa kampuni kamili yenye wanahisa, na mwaka huo huo, William Morris, mbunifu maarufu aliyetetea kazi ya mkono, akiwa ameshafariki, wakachukua mitambo iliyokuwa ya kiwanda chake cha uchapaji. Walikuwa na jina tayari.

Mkataba wa jengo la Mile End ulipokaribia kuisha Ashbee akaleta hoja ya kuhamia shamba. Na hili wasimulizi wengi wanalipita haraka: mafundi walipiga kura. Hakuwaburuza. Walijadiliana, kura nyingi zikasema twende. Campden ilikuwa na nyumba tupu, kodi ndogo, lile jengo la kiwanda cha hariri limekaa bure, na mwenye ardhi mkubwa wa pale, Lord Gainsborough, alikuwa tayari kuwapangisha.

Jengo wakaligawa kwa ghorofa. Chini uchapaji na ofisi, katikati wafua fedha na sonara, juu maseremala na wachongaji. Makapera wakawekwa pamoja kwenye nyumba moja kubwa High Street, wenye familia wakasambaa kwenye vibanda vya mawe.

Mwanzo haukuwa mtamu. Jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Campden: unalipwa mshahara wa kibarua wa shamba, ghafla wanaingia watu wa London wanalipwa mara mbili ya kwako, wanavaa tofauti, wanaongea tofauti, nyumba ulizokuwa unaona zitamfaa mwanao akioa zinapangishwa kwao. Wenye maduka wakawa na bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni wa London. Mchungaji wa kanisa na wakulima wakubwa hawakuwapenda, walihisi ni wasoshalisti watakaowaharibu vibarua, na kusema kweli Ashbee alikuwa msoshalisti kwelikweli, hakuficha. Nawaelewa wenyeji. Mtu akija kwenye mji wako anasema nimekuja kuishi maisha rahisi, wakati kwako maisha magumu hukuyachagua, lazima ikuume.

Kilichobadilisha mambo ni vitu vidogo vidogo. Walianzisha bendi. Kila mwaka walikuwa wanaigiza tamthilia ukumbi wa mji na wenyeji wakawa wanajaa. Walichimba bwawa la kuogelea, watoto wa Campden wakajifunza kuogelea humo, wakafanya mashindano. Walicheza mpira pamoja. Alafu mwaka 1904 ikafunguliwa shule ya sanaa na ufundi, na hii ndo naona ilikuwa akili kubwa kuliko yote, kwa sababu haikufundisha mafundi wa London tu, ilifundisha useremala, upishi, bustani, ufuaji nguo, kuchora, na mamia ya watu wa mji na vijiji vya jirani walipita pale, watu ambao kabla ya hapo kijana wao akimaliza shule ya msingi kilichomsubiri ni jembe. Shule iliendelea kwa miaka kadhaa hata baada ya kampuni kufa.

Tuje kwenye kifo chenyewe sasa. Maelezo ya haraka ambayo utayakuta kila mahali ni kwamba Ashbee alikuwa mwotaji wa ndoto, hajui biashara. Ukiangalia kwa makini sababu ni za kawaida kabisa, za kibiashara, na ziko nne zilizobanana.

Ya kwanza soko. Kuanzia kama 1905 hali ya uchumi ilishuka na watu wa kwanza kupunguza matumizi ni wanaonunua bakuli la fedha lililofuliwa kwa mkono. Oda zikapungua.

Ya pili ushindani, na huu ulikuwa mchungu. Duka kubwa la Liberty la London liliona hii mitindo inauzika, tangu 1899 likawa na vyombo vyake vya fedha vinavyotengenezwa Birmingham kwa msaada wa mashine, vikiwa na alama za nyundo juu yake, mnunuzi wa kawaida haoni tofauti ila bei anaiona. Kazi inayomchukua fundi wa Guild siku nzima inaigwa kiwandani kwa muda mfupi. Na chini ya hapo kulikuwa na ushindani wa aina nyingine ambao Ashbee aliulalamikia sana, mabibi wa familia za kitajiri wanaotengeneza vito nyumbani kwa kujifurahisha wanauza kwa bei isiyolipa hata gharama, kwa sababu chakula chao hakitegemei hiyo kazi. Mtu wa namna hiyo akiwa sokoni fundi anayelisha watoto hana pa kushika.

Ya tatu umbali. Wateja wako London, nauli na usafirishaji vyote gharama, na kampuni ikalazimika kuwa na duka London kwa kodi ya London huku karakana iko shamba.

Ya nne ndo kiini kwa maoni yangu. London, kazi ikipungua, fundi wa fedha anatoka anaenda kufanya vibarua kwenye karakana nyingine mtaa wa pili, kazi ikirudi anarudi. Ule mtaa mzima ulikuwa bima yao bila wao kujua. Campden hakuna karakana nyingine ya fedha, hakuna hata moja, kwahiyo kampuni ikawa na chaguo mbili tu, imfukuze mtu kijijini na familia yake bila pa kwenda au iendelee kumlipa atengeneze vitu visivyo na mnunuzi. Kwa sababu walikuwa watu wa utu wakachagua la pili. Stoo ikajaa, benki ikadai, wanahisa wakachoka. Mwaka 1907 ikaamuliwa kampuni ivunjwe na 1908 ikafungwa rasmi.

Hapo mtu aseme walikosea kuhama? Mimi naona kosa lilikuwa moja mahsusi: walihamisha kampuni nzima ikiwa imefungwa pamoja kama boti zilizofungwa kamba moja, ikizama moja zinazama zote. Na ushahidi ni kilichofuata. Kamba ilipokatika, wale waliobaki kila mmoja na karakana yake ndogo waliishi. Joseph Fels, tajiri wa sabuni wa Marekani, alinunua shamba la ekari kama 70 hapo Broad Campden ili mafundi wapate vipande vya kulima, kwahiyo fundi ana viazi, ana nguruwe, ana kazi ya mkono, oda zikipungua hafi njaa. Wahunzi walibaki. Mchongaji Alec Miller, aliyetoka Glasgow 1902 kujiunga nao, alibaki Campden mpaka 1939. Na mfua fedha George Hart alibaki palepale kwenye jengo la hariri.

Huyu Hart ndo sababu mimi nasema kampuni ilikufa ila kazi haikufa. Panda ngazi za Old Silk Mill leo, unaingia kwenye karakana ya Hart, ukoo ule ule, wanafua fedha kwa mkono. Kitu cha kwanza kinachokupokea ni dari: kwenye kulabu zimening'inia karatasi za oda na risiti za miongo na miongo, vishada vizito vya karatasi zilizobadilika rangi na kuwa kahawia. Benchi zimechakaa zimechimbika pale fundi anapoegemea. Nyundo zimepangwa kwa safu, kila moja na umbo lake la uso, hii ya kutandaza, hii ya kukunja, hii ya kumalizia, na fundi haangalii anapochukua, mkono unajua. Utasikia mlio wa nyundo kwenye fedha, mkali na wa haraka, alafu unakatika anageuza bakuli kidogo, unaendelea. Wanakuruhusu kusimama na kutazama. Sijui sehemu nyingine Uingereza ambapo unaweza kuona karakana ya miaka hiyo inaendelea kufanya kazi kwenye chumba chake cha mwanzo.

Na sifa ya mahali huvuta wengine. Mwaka 1955 Robert Welch, kijana mbunifu wa vyombo vya fedha na vya chuma kisichoshika kutu, alikuja kufungua karakana yake kwenye jengo hilo hilo la hariri, na vijiko na visu vyake vikaja kuuzwa duniani kote. Angefuata nini Campden kama si historia ya Guild?

Kuna mtu mmoja zaidi wa kumtaja, F. L. Griggs, mchoraji, alifika Campden 1904 wakati Guild ipo, akazama kwenye marafiki wale wa mafundi na hakuondoka tena mpaka kufa kwake 1938. Griggs alielewa kwamba umaskini uliolinda nyumba za Campden unaisha, magari yanakuja, watalii wanakuja, na sasa hatari ni pesa. Mwaka 1926 kilima cha Dover's Hill, juu kidogo ya mji, kilipowekwa mnadani na kukawa na hofu ya kujengwa hoteli, alikinunua yeye, mtu ambaye hakuwa tajiri, wengine wakaja kumsaidia baadaye na kilima kikaishia mikononi mwa National Trust, shirika la kulinda maeneo ya kihistoria. Mwaka 1929 yeye na wenzake wakaunda Campden Trust, wakawa wananunua nyumba za zamani zilizochoka, wanazikarabati kwa mafundi wanaojua mawe na mbao, wengine wakiwa wametokana na Guild. Mwanahistoria G. M. Trevelyan aliusifu ule mtaa wa High Street kuwa mzuri kuliko mitaa yote ya vijiji iliyobaki Uingereza, na ukweli ni kwamba umebaki kwa sababu kuna watu walikuwa wanaugombania jengo kwa jengo.

Hata Market Hall iliponea chupuchupu. Miaka ya 1940 ilitaka kuuzwa kwa mtu wa Marekani, wenyeji wakachangishana hela, wakainunua wao, wakaikabidhi National Trust. Ingia ndani usipite tu. Haina milango, ni matao ya mawe pande zote, paa la mbao juu, na sakafu ya mawe ina mabonde na vilima, huwezi kuweka kiti kikatulia. Wauza siagi wa 1627 walisimama hapo hapo.

Kwa anayetaka kwenda, Dover's Hill usiiache. Kuanzia kama 1612 mwanasheria Robert Dover alikuwa anaandaa michezo pale kila mwaka akaiita ya Olimpiki, miaka mingi kabla ya hii ya kisasa ya 1896. Ilikatishwa miaka ya 1850, ardhi ilipogawiwa kwa wenye mashamba na watu wakiwa wameshachoshwa na fujo za walevi, wakiwemo wale vibarua wa reli, ikarudi 1951, na sasa inafanyika Ijumaa baada ya sikukuu ya mwisho wa Mei. Mchezo unaosubiriwa na wote ni kupigana mateke ya ugoko. Wawili wanavaa makoti meupe kama ya wachunga kondoo wa zamani, wanajaza majani makavu kwenye suruali mpaka miguu inavimba, wanashikana kwenye kola, alafu ni mateke ya ugoko mpaka mmoja aanguke, atakayeshinda mara mbili kati ya tatu anasonga mbele. Refa yuko karibu kabisa kuhakikisha aliyeanguka ameanguka kwa teke halali. Majani yanamwagika uwanja mzima. Giza likiingia umati unawasha mienge na kushuka kilima hadi mjini, na kesho yake Jumamosi kuna sherehe ya mji, wanamvika taji malkia wa mwaka, watoto wanacheza ngoma zao. Kutoka juu pale unaona bonde la Evesham lote.

Hidcote pia iko jirani, bustani ya Lawrence Johnston, Mmarekani aliyehamia hapo baada ya mama yake kununua shamba 1907, wapenda maua watakaa siku nzima. Na mwana-Campden Ernest Wilson, aliyezaliwa 1876, ndo yule aliyezunguka China akiwatafutia Waingereza mimea ambayo leo iko kwenye bustani zao kila kona, kuna bustani ndogo ya kumbukumbu yake mjini.

Kinachoniuma kwenye hiki kisa ni bei ya nyumba. Campden ina wakazi kama 2,300 sasa, na ule uzuri waliopigania umeifanya iwe sehemu ya wastaafu wenye hela na watu wenye nyumba ya pili. Kijana anayetaka kujifunza kufua fedha au kuchonga mawe pale hawezi kupanga pale kwa mshahara wa mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1902 kilichowavuta mafundi ilikuwa kodi rahisi na jengo tupu, na hivyo vyote viwili havipo. Walioulinda mji walilinda mawe vizuri sana, na nadhani kazi iliyobaki kwa Campden Trust, kwa halmashauri na kwa wenye nyumba ni kulinda nafasi ya mtu wa kufanya kazi kati ya hayo mawe, kwa nyumba chache tu za kodi ya chini zilizotengwa kwa wanaojifunza ufundi. Baptist Hicks alitenga 12 kwa wazee mwaka 1612 na bado zinafanya kazi yake, kwahiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Njia ya kufika: treni kutoka London Paddington hadi Moreton-in-Marsh, kama saa moja na nusu, alafu basi au teksi, maana stesheni ya Campden yenyewe ilifungwa 1966. Anza na makumbusho ya Court Barn karibu na kanisa, wana kazi za Guild na za Griggs na za Welch pamoja, ndo uende Silk Mill ukijua unachokiangalia. Mwenye miguu ya kutembea, njia ya Cotswold Way inaanzia hapo hapo mjini, kilomita 164 hadi Bath.